Joy Adamson: Mchoraji wa maua aliyefunikwa na kivuli cha simba

MVUA za kwanza za Machi zinapoanza kuinyeshea miteremko ya Mlima Elgon, kuanzia Kibabii na viunga vya mji wa Bungoma hadi mashamba ya Kitale, hutokea jambo ambalo wapita njia wengi hulipa kisogo. Ardhi iliyokauka tangu Desemba, na ambayo mahali pengine ingali na majivu ya nyasi zilizochomwa, hupasuka na kutoa maua. Moja huwa jekundu, la duara kama mpira, likisimama juu ya bua nene kabla hata majani yake hayajatokeza. Jingine huchomoza katikati ya majani marefu yenye umbo la upanga, likiwa na rangi ya moto uliochanganyika na manjano. La tatu hutambaa vichakani, na petali zake hujikunja kwenda juu kama ndimi za moto.

Hayo ni maua ya matunguu na viazi, yaani mimea inayojiwekea akiba ya chakula chini ya ardhi, ikalala wakati wa kiangazi na kuamka mvua inaporejea. Wazungu wana msimu wao wa maua ya namna hii, baada ya baridi kali ya kwao kupita. Afrika Mashariki haina theluji ya kuyeyuka, lakini ina masika, na masika ndiyo majira ambayo maua yetu ya matunguu huyangoja.

Miongoni mwa watu waliotumia miaka mingi ya maisha yao kuyatazama maua ya mwituni ya Kenya, wakayachora moja baada ya jingine kwa subira ya mfumaji mkeka, yumo mwanamke ambaye jina lake halitajwi tena pamoja na maua. Jina hilo ni Joy Adamson. Ulimwengu unamkumbuka kwa simba jike aliyeitwa Elsa. Wachache mno wanafahamu kwamba kabla ya simba kulikuwa na brashi, karatasi na rangi za maji, na kwamba lau Elsa hangezaliwa, mwanamke huyo bado angestahili nafasi yake katika historia ya nchi hii.

Kutoka Troppau hadi Mombasa

Alizaliwa Januari 20, 1910, akapewa jina la Friederike Victoria Gessner. Mji wake wa kuzaliwa uliitwa Troppau na wakati huo ulikuwa chini ya Milki ya Austria na Hungaria. Leo mji huo huitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Familia yake ilikuwa ya watu wenye uwezo, na utoto wake ulipita katika nchi ya misitu na mito, mahali ambapo majira ya baridi huifunika ardhi kwa theluji na ambapo ua la kwanza kutokeza udongoni huwa habari njema kwa kila nyumba.

Wazazi wake walitengana alipokuwa angali mdogo, naye akalelewa na nyanya yake. Baadaye alikwenda Vienna, mji uliokuwa kitovu cha sanaa na elimu. Huko alijifunza mambo mengi bila kukaa na lolote hadi mwisho. Alisomea muziki na kupiga piano, akajifunza uchongaji na upigaji picha, akashona nguo, na wakati mmoja akajiandaa kwa masomo ya udaktari. Alikuwa na vipawa vingi na hakuwa na makazi ya moyo. Tabia hiyo ya kuhangaika kutafuta jambo la kushikamana nalo ilimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, raia wa Austria. Miaka hiyo ilikuwa ya wasiwasi Ulaya. Utawala wa Wanazi ulikuwa umekwisha kushika mizizi nchini Ujerumani, na watu wengi walianza kutafuta mahali pa mbali pa kuanzia maisha mapya. Mwaka 1937, Friederike alipanda meli kuelekea Kenya kuchungua kama ingewafaa yeye na mumewe. Hakujua kwamba safari hiyo ingemtenga na Ulaya moja kwa moja. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Mwaka huo huo Ujerumani iliimeza Austria.

Ni Bally aliyempa jina la Joy, lenye maana ya furaha. Jina hilo lilimganda, ingawa wale waliomjua kwa karibu wameeleza kwamba furaha yenyewe haikuwa mgeni wa kila siku katika maisha yake.

Brashi mkononi

Bally alifanya kazi na hifadhi ya mimea ya Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi, taasisi ambayo leo ni Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Kazi ya mtaalamu wa mimea nyakati hizo ilikuwa ya miguu na mabega. Ilimbidi mtu kupanda milima, kukata tawi, kulibana kati ya karatasi, kulikausha na kuliandikia mahali lilipopatikana. Mmea uliokaushwa hubakisha umbo lake, lakini hupoteza rangi. Ua lililokuwa jekundu kama damu hugeuka kahawia baada ya wiki chache. Kwa sababu hiyo mchoraji alihitajika, mtu wa kuinasa rangi kabla haijakimbia.

Bally mwenyewe alikuwa na kipawa cha kuchora mimea, na ni katika ndoa hiyo ndipo Joy aliposhika brashi kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuchora maua. Mwaka 1938 wawili hao walishiriki katika msafara wa makumbusho uliokwenda Milima ya Chyulu, ile safu ya vilima vya volkano iliyoko kati ya Nairobi na Mombasa. Huko, ndani ya hema, mwanamke aliyekuwa ameshindwa kuchagua kazi moja mjini Vienna alikuta kazi iliyomchagua yeye.

Kuchora ua kwa ajili ya sayansi si sawa na kuchora ua kwa ajili ya kupamba ukuta. Mchoraji hana ruhusa ya kuongeza petali wala kupunguza. Ni lazima ahesabu nyuzi za chavua, aonyeshe jinsi jani linavyoshikana na bua, na apate rangi ileile iliyomo kwenye ua lililo mbele yake. Zaidi ya yote, hana muda. Ua lililochumwa alfajiri hunyauka kabla ya jua la adhuhuri. Joy alijulikana kwa uwezo wa kukaa saa nyingi bila kunyanyuka, akikimbizana na ua linalokufa.

Wakati huo Wazungu walioishi Kenya walikuwa wakijaribu kuzizungushia nyumba zao bustani walizoziacha kwao. Katika Kitale na maeneo jirani ya Trans Nzoia, ambako walowezi wengi waliingia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nyumba ya mlowezi haikukamilika bila uwanja wa nyasi mbele yake na maua pembeni. Wengi wao walitamani kuona tulipu na dafodili zikichomoza katikati ya nyasi hizo kama zilivyofanya katika nyumba za wazazi wao. Matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Tunguu la tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, mahali penye baridi kali. Ndani yake mna saa isiyoweza kudanganywa. Ni lazima lipitie takriban wiki 12 au zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 10 ndipo lipate ishara ya kutoa ua. Kitale iko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, nayo Bungoma ni karibu mita 1,400. Usiku huwa na ubaridi wa kumfanya mtu ajifunike blanketi, lakini mchana jua huipasha ardhi joto tena. Tunguu la tulipu likipandwa hapo hutoa majani tu, au huoza na kutoweka. Hata lile lililowekwa kwanza ndani ya friji huchanua mara moja na kwa kawaida halirudi mwaka unaofuata.

Kitabu kilichowasaidia wakulima wa bustani wa wakati huo kiliitwa Gardening in East Africa. Kilihaririwa na daktari Arthur Jex-Blake, ambaye mkewe, Lady Muriel, alikuwa mpenzi mkubwa wa maua ya mwituni ya Kenya. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1934. Michoro ya Joy ilikuja kukipamba kitabu hicho katika matoleo ya baadaye, na baada yake vikafuata vitabu vingine kadhaa kuhusu mimea ya eneo hili, kikiwemo kile cha Dale na Greenway kuhusu miti na vichaka vya Kenya kilichochapishwa mwaka 1961. Mchango wa kazi hiyo haukuwa mdogo. Iliwaonyesha watu waliokuwa wakililia maua ya kwao kwamba nje ya lango la bustani zao kulikuwa na maua yasiyohitaji theluji.

Ua lililokwenda Ulaya likarudi

Hapa pana kisa ambacho mpenda maua yeyote wa Kibabii au Kitale anafaa kukijua. Lile ua lenye majani ya upanga ambalo huchanua lenyewe katika nyika na miteremko yetu huitwa na wataalamu Gladiolus dalenii. Linaota katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Matunguu yake kutoka kusini mwa bara yalifikishwa Ulaya katika karne ya 19, yakachanganywa na ndugu zake wa Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 1841 kitalu cha Louis Van Houtte cha mjini Gent, Ubelgiji, kikaanza kuuza chotara waliotokana na uzalishaji huo. Kutokana na chotara hao na wengine waliofuata ndipo zilipopatikana gladiola kubwa za bustani zinazouzwa leo kote ulimwenguni.

Kwa hivyo mtu anayenunua shada la gladiola kwa ajili ya arusi au la kuweka mbele ya altare ya kanisa ananunua mjukuu wa ua la Afrika. Lilikwenda ng'ambo likiwa dogo na la mwituni, likarudi likiwa limenenepa na lina bei. Hadithi ya ua hilo inafanana kwa kiasi na ile ya Joy mwenyewe, aliyetoka ng'ambo na kuota mizizi huku.

Maisha yake ya nyumbani hayakutulia. Ndoa na Bally ilidhoofika, na ilipokaribia kuvunjika alikwenda kupiga kambi kwa wiki kadhaa katika Mlima Kenya, akachora mimea ya nyanda za juu ambako usiku hugandisha maji na mchana huchoma ngozi. Kwa mara nyingine, huzuni yake iligeuka kazi.

Januari 1944 aliolewa mara ya tatu, mara hii na George Adamson, afisa wa wanyamapori katika wilaya kame za kaskazini mwa Kenya. Maisha yake yakawa ya hema, ngamia na safari ndefu. Rangi zake alizibeba. Mwaka 1947 Shirika la Kifalme la Kilimo cha Bustani la Uingereza lilimtunuku Nishani ya Dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake ya maua. Alikuwa na umri wa miaka 37, na hakuwa bado ameonana na simba yeyote wa kumpa jina. Kama hadithi yake ingekomea hapo, leo angetajwa kama mchoraji mashuhuri wa mimea wa Afrika Mashariki.

Nyuso za Wakenya

Kazi yake iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa jukumu la kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Kwa takriban miaka sita alizunguka nchi akiandamana na wasaidizi, akawaketisha wazee, vijana, waganga na mabibi arusi mbele ya karatasi yake. Michoro hiyo ilizidi 600, na iliyo mingi ikawa mali ya taifa. Mwaka 1967, miaka minne baada ya uhuru, alichapisha kitabu kuhusu watu wa Kenya chenye sehemu ya michoro hiyo.

Kazi hiyo imesifiwa na kulaumiwa. Sifa zake ni kwamba imehifadhi ushanga, ngozi, mitindo ya nywele na vifaa ambavyo katika jamii nyingine havionekani tena hata katika sherehe. Lawama zake ni kwamba iliagizwa na watawala wa kikoloni, ikawatazama Wakenya kama vitu vinavyoelekea kutoweka, na mara nyingi ikatunza vazi kwa makini kuliko ilivyotunza habari za maisha ya aliyelivaa. Yote mawili ni kweli. Joy aliwachora watu kama alivyochora maua, kwa uaminifu wa rangi na umbo, na kwa haraka ya mtu aliyeamini kwamba kilicho mbele yake kitanyauka jioni.

Lawama hiyo inagusa maua pia. Mimea aliyoichora ilipewa majina ya Kilatini. Lakini kila jamii iliyoishi kando ya mimea hiyo ilikuwa na majina yake na elimu yake. Wenyeji wa miteremko ya Elgon, Wabukusu na Wasabaot, walijua ni tunguu lipi lina sumu, ni lipi ng'ombe hapaswi kulikaribia, na ni ua lipi linatangaza kwamba wakati wa kutayarisha mashamba umewadia. Elimu hiyo haikuhitaji mchoraji, bali mwandishi wa kuisikiliza. Sehemu yake kubwa iliondoka na wazee walioishika.

Simba anaingia

Februari 1, 1956, George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa akiwalinda watoto watatu. Aliwapeleka watoto hao nyumbani. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama mjini Rotterdam, Uholanzi. Mdogo zaidi alibaki na kuitwa Elsa. Wanandoa hao walimlea, kisha wakafanya jambo lililoonekana la kichaa kwa wakati huo: walimfundisha kuwinda ili arudi mwituni. Elsa alifaulu, akapata watoto porini, lakini hakukata uhusiano na waliomlea.

Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilichapishwa mwaka 1960 na kusomwa duniani kote. Elsa alikufa Januari 1961 kutokana na ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa katika eneo ambalo leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitoka mwaka 1966. Fedha zilizopatikana Joy alizielekeza kwa wingi katika kazi ya kuhifadhi wanyamapori, na jina lake likawa kubwa kuliko alivyowahi kuota.

Umaarufu huo ndio uliowazika maua. Watu waliotaka kumsikia walitaka habari za simba. Baadaye alimlea duma aliyeitwa Pippa, na mwishowe chui aliyeitwa Penny, akaandika vitabu kuwahusu pia. Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyouharibu vibaya mkono wake wa kulia. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, lakini mkono ule uliokuwa umepiga piano Vienna na kuhesabu petali Chyulu haukurudia wepesi wake. Mwaka 1972 kilitoka kitabu kilichokusanya michoro yake ya maua, wanyama na watu, na kwa wasomaji wengi wa ng'ambo hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kutambua kwamba mama wa Elsa alikuwa mchoraji.

Makazi yake ya miaka ya mwisho yalikuwa Elsamere, nyumba iliyoko ukingoni mwa Ziwa Naivasha. George alikwenda kuishi Kora na simba wake, na wawili hao wakawa mume na mke waliotenganishwa na mamia ya kilomita. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ziwa hilohilo ndilo lililokuja kuwa kitovu cha biashara ya maua ya Kenya. Mamilioni ya mawaridi hukatwa kando yake na kusafirishwa Ulaya kwa ndege, karibu na nyumba ya mwanamke aliyeamini kwamba ua la thamani zaidi ni lile ambalo halijapandwa na mtu.

Kifo chake

Jioni ya Januari 3, 1980, Joy Adamson alikutwa amekufa karibu na kambi yake katika Hifadhi ya Kitaifa ya Shaba, Isiolo, alikokuwa akimchunguza chui Penny. Zilikuwa zimesalia siku 17 atimize miaka 70. Habari za kwanza zilizotapakaa duniani zilidai kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha vingine. Majeraha yake yalikuwa ya silaha kali, wala si ya makucha. Kijana mmoja aliyekuwa amefanya kazi kambini na kufutwa alishtakiwa, na mwaka 1981 mahakama ikampata na hatia ya mauaji.

Kesi hiyo ilifichua upande ambao vitabu vya Elsa havikuueleza. Joy alikuwa mtu mgumu kufanya naye kazi. Alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake, mwepesi wa kugombana nao, na wengi hawakudumu naye. Mwanamke aliyeweza kumngoja simba kwa siku nyingi bila kuchoka alishindwa kuwavumilia binadamu kwa saa moja. Hilo halihalalishi kifo chake hata kidogo, lakini halifai kufutwa katika habari za maisha yake. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mnamo Agosti 20, 1989.

Kilichobaki, na kinachotoweka

Sehemu ya michoro yake imehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Elsamere nayo imekuwa mahali pa kuwapokea wageni wanaotaka kujua habari zake. Karatasi hizo zimeishi kuliko aliyezichora. Swali lililopo ni kama zitaishi kuliko maua yenyewe.

Katika Trans Nzoia, nyika iliyokuwa na maua ya matunguu imekuwa mashamba ya mahindi kwa vizazi kadhaa. Katika Bungoma, miwa na mahindi vimeifuata ardhi hadi ukingoni mwa barabara, na eneo la Kibabii limezidi kujaa nyumba tangu chuo kikuu kilipoanzishwa. Tunguu la mwituni linaweza kuvumilia moto, kwa kuwa limejificha chini. Linaweza kuvumilia ukame. Haliwezi kuvumilia jembe la trekta linalopita kila mwaka, wala msingi wa nyumba ya mawe.

Hata hivyo, nyumba hizohizo zina viwanja, na viwanja vina nyasi. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoweza kufanya kile ambacho walowezi wa Kitale walichelewa kukielewa, yaani kuacha kulilia tulipu na kuyapa nafasi maua ya hapa. Kanuni zake si ngumu. Matunguu hupandwa Februari au mapema Machi, kabla mvua haijashika, katika shimo lenye kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu lenyewe. Udongo uwe wa kupitisha maji, kwa sababu tunguu linaloketi majini huoza. Nyasi zisiwe zile za Kikuyu zinazosonga kila kitu, ila ziwe za ukoka mwembamba, au mwenye nyumba atenge pembe moja isiyotawaliwa na nyasi nene.

Kosa linaloangamiza matunguu mengi ni fyekeo la haraka. Ua linapokwisha, majani hubaki yakiwa hayana uzuri, na mwenye nyumba hutamani kuyafyeka uwanja upendeze. Lakini ni majani hayo yanayolijaza tunguu chakula cha mwaka ujao. Yakikatwa mabichi, tunguu hulala na njaa na mwaka unaofuata halitoi ua. Inafaa yaachwe hadi yageuke manjano na kulala yenyewe. Kisha kiangazi kikifika, tunguu lisimwagiliwe maji, kwa maana usingizi wa ukavu ndio baridi yake.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, mingi ya mimea hii ina sumu. Lile ua la mpira mwekundu, Scadoxus multiflorus, na lile la ndimi za moto, Gloriosa superba, yana viini vinavyoweza kumdhuru mtoto na kumuua mnyama, kwa hivyo yasipandwe mahali mbuzi wanapofungwa wala watoto wadogo wanapocheza. Pili, matunguu yasichimbwe kutoka msitu wa Mlima Elgon au hifadhi yoyote. Yachukuliwe katika shamba ambalo mwenyewe anakaribia kulilima au kujenga, au mbegu zichumwe na kuoteshwa, ingawa njia hiyo huchukua miaka michache kabla ya ua la kwanza.

Joy Adamson alichora kwa sababu ua aliloliona asubuhi halikuwepo jioni. Alikimbizana na saa chache za uhai wa petali, akashinda kwa kiasi ambacho binadamu anaweza kushinda. Leo mashindano hayo yamepanuka. Si ua moja linalonyauka, bali ni makao yake yote yanayolimwa na kujengwa, na mchoro ulio bora kuliko yote hauwezi kutoa mbegu. Mvua za Machi zitakuja tena juu ya Kibabii na Kitale. Palipo na tunguu lililoachwa udongoni, patachomoza ua.